Meza Katikati ya Duka

Njia ya mbio za vigari vya kuchezea vya Mini 4WD hula nafasi. Ni mfereji wa plastiki wenye kuta fupi na vichochoro vitatu. Hupinda, hurudi, na mahali fulani kichochoro kimoja hupanda daraja kikavuka vingine viwili, ili baada ya mizunguko mitatu kila kigari kiwe kimepita kila kichochoro na asiwepo mtoto wa kudai kwamba mwenzake kapewa njia ya mkato. Mwenye duka anayetaka kuitandaza ndani hana budi kuondoa rafu. Na rafu kwa mfanyabiashara ndiyo inayolipa pango: kila boksi lililokaa juu yake ni fedha inayosubiri mwenyewe. Katika miaka ya 1980 wenye maduka ya modeli huko Japani waliziondoa rafu hizo, wengine wakaitandaza njia nje kando ya mlango, wakawakaribisha watoto wa shule ya msingi waje na vigari vyao na bisibisi zao.

Uamuzi huo umenikaa akilini kwa muda mrefu. Wauzaji wa vifaa vya kuundia, kuanzia rangi na gundi hadi nyuzi na shanga, wameshaambiwa mara nyingi kwamba shughuli za mikono kwa watoto huongeza mauzo. Ni kweli, huongeza. Linaloniumiza ni maelezo yanayofuatia, kwamba mtoto ni chambo cha kumvuta mzazi mwenye pochi. Mimi naona shughuli huuza pale mtoto mwenyewe anapochukuliwa kuwa ndiye fundi, mkono wake ukaachwa ufanye kazi mpaka ukwame. Mkono uliokwama huuliza swali, na duka lenye jibu la swali hilo halihitaji kubembeleza mtu anunue.

Kampuni inayotengeneza vigari vile vya Mini 4WD ni Tamiya ya mji wa Shizuoka. Yoshio Tamiya aliianzisha mwaka 1946 kwa biashara ya mbao. Baadaye ikaanza kutengeneza modeli za mbao, na mwaka 1960 ikatoa modeli yake ya kwanza ya plastiki, manowari Yamato. Modeli za plastiki za namna hiyo hutaka gundi, rangi, msasa na subira ya mtu mzima. Mtoto wa miaka minane akijaribu, gundi humganda vidoleni, bawa la ndege hukaa upande, na boksi la pili halinunuliwi. Mini 4WD ya kwanza ya mwaka 1982 ililenga shida hiyo. Vipande vyake huingiana kwa kubanwa, bila gundi. Kuna mota moja, betri mbili ndogo, na gia zinazozungusha magurudumu yote manne. Mwaka 1986 likaja toleo la mbio, Hotshot Jr., kigari cha yeni 600 kilichoigwa kutoka gari la rimoti ambalo wazazi wengi wasingeweza kumnunulia mtoto. Mwaka uliofuata hadithi ya katuni ya vigari hivyo ilianza kutoka katika jarida la CoroCoro Comic, na mwaka 1988 yakafanyika mashindano ya kwanza ya Japan Cup.

Mtu anayeziangalia tarehe hizo kwa haraka atasema kilichouza ni katuni na mashindano. Hapana shaka vilisaidia sana. Lakini tazama kigari chenyewe. Hakina usukani wala rimoti. Mtoto hubonyeza swichi, hukiachia kwenye kichochoro, na kuanzia hapo hana la kufanya ila kutazama. Vigurudumu vidogo vilivyolazwa pembeni huegemea ukuta na kukigeuza kwenye kona. Kikienda kasi kuliko vigurudumu hivyo vinavyoweza kukishika, huruka ukuta na kuangukia sakafuni kichwa chini, magurudumu yakizunguka hewani. Kila kinachotokea njiani kilishaamuliwa mezani kabla ya mbio: mota ipi, gia zipi, tairi pana au jembamba, vigurudumu vya pembeni vikae mbele tu au na nyuma, uzito uwe wapi. Njia ya mbio kumbe ni mtahini tu, darasa lenyewe ni meza iliyo kando yake.

Hapo ndipo biashara ilipokuwa. Kigari kimeruka kwenye kona. Mtoto hukiokota, hurudi mezani, hukigeuza tumbo juu, na ghafla vipakiti vilivyotundikwa ukutani, ambavyo dakika tano zilizopita vilikuwa plastiki tu, vinakuwa na maana. Kimoja kina vigurudumu vikubwa zaidi, kingine kina tairi za sponji, kingine fimbo ya kuzuia kupinduka. Bei yake ni ndogo, mtoto anaimudu kwa fedha yake mwenyewe. Hakuna aliyemwambia anunue. Amekwama, na anajua amekwama wapi. Mteja anayejua kwa hakika anachokihitaji ni nadra hata katika duka la watu wazima, na hapa anatengenezwa na kona moja ya plastiki.

Palikuwa na jambo jingine ambalo mhasibu asingelipenda. Watoto wa enzi ile walitoboa na kukata mabodi ya vigari vyao ili viwe vyepesi, wakaacha kiunzi kinachopitisha mwanga. Kutoboa hakugharimu kitu. Ni kazi ya kujipimia, na ukikata pasipofaa bodi linavunjika na unajifunza. Muuzaji wa roho ndogo angekataza, aseme lipo bodi jepesi la kununua. Waliowaacha watoto watoboe walipata watoto waliojiona ni wahandisi, na mtoto anayejiona mhandisi hurudi dukani wiki inayofuata. Japan Cup ilisimama baada ya mwaka 1999, ikarejea mwaka 2012, na kati ya waliorejea walikuwamo watu wazima waliowahi kuinamia meza zile utotoni, wengine wamewashika watoto wao mkono. Hakuna daftari la mauzo ya mwezi linaloweza kuandika faida inayochukua miaka ishirini kuiva.

Uingereza iliijua biashara hii ya mkono uliokwama mapema zaidi. Frank Hornby, karani wa hesabu mjini Liverpool katika kampuni ya kuagiza nyama, aliwatengenezea wanawe vipande vya bati vyenye matundu ya kulingana, vya kufungwa kwa boliti na nati, akapata hataza mwaka 1901. Vikaja kuitwa Meccano. Seti ziliuzwa kwa namba, na palikuwa na boksi dogo la nyongeza lililoigeuza seti ya namba moja kuwa ya namba inayofuata, pamoja na vipande vya kununua kimoja kimoja. Winchi yako ikipungukiwa gia moja, unakwenda kununua gia moja. Mwaka 1916 Hornby alianzisha jarida, na mwaka 1919 chama kilichoziunganisha klabu za wavulana waliokuwa tayari wanakutana kuunda. Utaratibu ule ninauheshimu: klabu zilikuwapo kwanza, kampuni ikazifuata. Wasichana waliachwa pembeni, na hilo lilikuwa hasara kwao na kwa duka pia.

Siku hizi shughuli za watoto zimekuwa kitu cha kawaida katika maduka ya Marekani na kwingineko. Kampuni ya vifaa vya ujenzi ya Home Depot imekuwa ikiendesha warsha za bure kwa watoto, kwa kawaida Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Mtoto hupewa aproni ya rangi ya chungwa na vipande vya mbao vilivyokatwa tayari, hugonga misumari, huondoka na kijumba cha ndege na beji ya kubandika kwenye aproni. Maduka ya mchezo wa Warhammer, yanayomilikiwa na kampuni ya Uingereza ya Games Workshop, humkalisha mgeni mezani apake rangi kisanamu kimoja cha askari na kwenda nacho nyumbani. Nyundo ile ni ya kweli na brashi ile ni ya kweli, na mtoto aliyegonga msumari wake wa kwanza amepata kitu ambacho hataporwa.

Hata hivyo ninaona hatari inayoinyemelea shughuli ya namna hii kila inapokuwa ya kila mwezi, ya watoto wengi, na ya dakika chache. Vipande huja vimeshatobolewa. Maelekezo yana picha na namba. Kazi haiwezi kuharibika, maana imepangwa isiharibike, na isipoweza kuharibika haina swali. Mtoto huondoka na kijumba kilichokamilika, hukiweka dirishani, na kazi imekwisha. Vibaya zaidi ni pale mfanyakazi wa duka, kwa huruma au kwa haraka, anaposhika mkono wa mtoto na brashi ikiwa ndani yake, akachora jicho la samaki likakaa sawasawa. Mama anapiga picha. Picha inapendeza. Lakini mtoto anajua jicho lile si lake, na hatalirudia nyumbani, kwa hiyo rangi nyeusi haitakwisha na brashi haitachakaa. Kwa kumsaidia mtoto kupita kiasi, duka limejinyima mauzo yake lenyewe, na hilo ndilo dogo kati ya madhara mawili.

Ninataka kulileta suala hili kwetu, kwa sababu linatugusa kuliko tunavyodhani.

Nchini Kenya, tangu mtaala wa umilisi uanze kuingia madarasani mwishoni mwa miaka ya 2010, watoto hupewa kazi za kuunda za kufanyia nyumbani. Mzazi wa Nairobi au Mombasa anaijua hali ile ya saa mbili usiku, mtoto anapokumbuka kwamba kesho anatakiwa na kifaa cha kupimia mvua au mfano wa nyumba ya kienyeji. Baba hukimbilia duka la vifaa vya shule kabla halijafungwa, hununua manila tatu, gundi, mkasi na rangi, hurudi, na kwa kuwa muda umekwisha anaunda yeye mwenyewe huku mtoto akisinzia. Malalamiko ya wazazi juu ya gharama yamesikika nchi nzima, na yana haki. Duka nalo limeuza. Limeuza karatasi kwa mtu aliyekuwa anaichukia karatasi ile. Mtu huyo hatarudi kwa hiari yake. Fikiria duka lilelile lingekuwa na meza moja, Jumamosi asubuhi, mtoto akaja na kazi yake ya shule akaianza mwenyewe, akiharibu manila moja badala ya tatu, na mzazi akaketi pembeni na soda yake. Bili ya siku ile ingekuwa ndogo. Bili ya mwaka, ninaamini, ingekuwa kubwa zaidi, na ingelipwa bila kinyongo.

Tanzania Bara na visiwani maduka mengi ya vifaa vya namna hii bado yako nyuma ya kaunta. Kuna kaunta, nyuma yake muuzaji, nyuma ya muuzaji bidhaa, na pengine nondo mbele ya vyote. Zipo sababu: wizi, vumbi, ufinyu wa fremu, kodi ya pango ya Kariakoo jijini Dar es Salaam. Sizibezi. Lakini kaunta humfundisha mtoto kwamba vitu vya kuundia ni vya kutazamwa na kuombwa. Akinyoosha kidole anaambiwa asiguse. Mtoto huyohuyo, akitoka pale, anakwenda uwanjani na kutengeneza tiara kwa gazeti na njiti za chelewa, gundi yake ikiwa ugali, mkia wake ukiwa kitambaa kilichookotwa kwa fundi cherehani. Anatengeneza gari la waya lenye usukani mrefu wa kuendeshea akiwa amesimama, magurudumu yakiwa yamekatwa kwenye soli za kandambili. Pwani anachonga kingalawa chenye tanga la plastiki na kukishindanisha na vya wenzake maji yakijaa. Hatuna upungufu wa watoto wanaounda. Tuna upungufu wa maduka yanayowaona.

Ninajihadhari hapa nisiusifu ufukara. Mtoto anayekata waya kwa kuupinda huku na huku mpaka ukatike hafanyi hivyo kwa kuwa ni mbunifu kuliko mwenzake wa Shizuoka. Hana koleo. Anajua kabisa gari lake linapinda upande kwa sababu ekseli haikunyooka, na hana kitu cha kuinyooshea. Yeye tayari ni ule mkono uliokwama, na swali lake amelibeba mwenyewe kutoka uwanjani. Duka likiweka koleo mbili, msumeno mdogo, msasa na bisibisi juu ya meza, vifungwe kwa kamba kama muuzaji ana wasiwasi, litakuwa limempa kile ambacho hakuna mtu nyumbani anayemwazima. Na waya atanunua, kama unauzwa kwa mita.

Hili la mita ndilo ninalolitilia mkazo kuliko yote. Biashara ya rejareja kwetu imejengwa juu ya kupima. Mafuta ya kula ya kupima, sukari robo, mchele nusu kilo: muuza duka wa mtaani anajua kwamba mteja mwenye fedha kidogo ni mteja wa kila siku. Akifika kwenye vifaa vya kuundia, muuzaji huyohuyo husahau maarifa yake. Manila ni nzima au hakuna. Shanga ni pakiti. Rangi ni seti ya kumi na mbili ilhali mtoto anataka bluu tu, maana bahari ndiyo iliyomwishia. Nusu manila, uzi wa kufumia kwa kipimo, shanga kwa kijiko, gundi kwenye kichupa cha kurudisha: vitu hivi haviwezekani nyuma ya kaunta, kwa sababu mtoto hajui anataka kiasi gani mpaka awe ameanza kazi. Mezani anajua.

Sanaa inayotambulika zaidi ya Dar es Salaam ilijifunzwa kwa namna isiyo mbali na hii. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968, na mahali pa kuuzia picha zake palikuwa nje ya duka la Morogoro Stores, Oyster Bay. Rangi yake ilikuwa ya mafuta, ya kawaida ya madukani, na alichorea juu ya vipande vya ubao wa dari. Ndugu na vijana waliomzunguka walijifunza kwa kukaa karibu naye na kushika brashi wakati yeye akifanya kazi, na alipofariki mwaka 1972 mikono ilikuwa tayari inajua. Duka lile halikupanga somo lolote. Nje yake tu palikuwa na kazi inayofanyika mbele ya macho ya wapita njia, na nafasi ya mwingine kuketi.

Ndiyo maana nikifikiria meza ya watoto siifikirii kama hafla yenye maputo na spika, iliyotangazwa kwa bango, inayokuja mara moja na kupotea. Ninaifikiria kama kazi inayofanyika. Awepo mtu mmoja anayeunda kitu chake mwenyewe kwa dhati: fundi wa kofia za vito anayedarizi, kijana anayeunganisha ndege ya karatasi ngumu, bibi anayefuma kikapu cha uzi. Watoto hukaa, hutazama, hupewa kipande. Mtu huyo asipewe jukumu la kuuza. Ukimhesabia mauzo ya siku ataanza kuwaharakisha watoto, na kila kitu nilichokisema hapo juu kitaharibika. Mshahara wake uandikwe pamoja na umeme na pango, katika gharama za kuufungua mlango.

Saa zipangwe kwa kuwauliza watu. Pwani, mwalimu wa madrasa aulizwe kwanza watoto wako huru lini, la sivyo meza itakaa tupu. Visu vya kukatia na gundi kali ya haraka vibaki mkononi mwa mkubwa, maana gundi ile ikimgusa mtoto jichoni hakuna mauzo yanayoweza kulifidia jicho hilo.

Lipo swali ambalo mzazi mwenye busara ataliuliza: je, ni halali kumfundisha mtoto kutaka? Dunia imejaa watu wanaofanya kazi hiyo usiku na mchana, simu zetu zimejaa matangazo yao. Jibu langu ni kwamba inategemea mtoto anaondoka na nini. Akiondoka na hamu ya kumiliki kitu kinachofuata ili akikamilishe kile alichonacho, ameongezewa deni. Akiondoka anajua kupiga fundo ambalo hakulijua, anajua kwamba karatasi ina upande inaokunjika kwa urahisi na upande inaokataa, basi anaweza kwenda nyumbani na kuendelea kwa gazeti la zamani na uji wa ngano bila kununua chochote kwa miezi mitatu. Duka lenye ujasiri wa kufundisha kitu kinachoweza kufanyika bila duka ndilo ninaloliamini. Kwa hiyo mtoto asiye na fedha lazima awe na la kufanya pale mezani, na asitofautishwe na mwenzake kwa aproni, kiti wala kipande alichopewa. Watoto huiona tofauti hiyo kabla hata hawajaketi, na aliyeiona harudi, wala hamwambii mama yake kwa nini.

Kuhusu hesabu, mwenye duka atataka kujua kama meza inafaa. Ni haki yake, pango halilipwi kwa nia njema. Lakini mauzo ya siku ya shughuli hayatamwambia kitu, maana siku ile wazazi hununua kwa adabu, kama mgeni anavyokubali chai. Idadi ya watoto waliohudhuria nayo hudanganya, kwa kuwa maputo pekee yangetosha kuijaza meza. Ningependa aangalie ni watoto wangapi wanarudi siku ya kawaida, katikati ya wiki, na kazi ileile mkononi: gari lenye ekseli iliyopinda, tiara lililochanika, kofia ambayo vito vyake vimekwenda kombo kuanzia safu ya nne. Hao ndio wateja. Na watakapofika, awe na boliti ya kuwauzia moja moja.